Leti Iliyouzwa kwa Kilo

Ukitoka Tanga mjini kuelekea Muheza na Korogwe, mkonge bado upo. Mistari yake imenyooka hadi vilimani, na pale wakataji walipopita, mizigo ya majani imepangwa kando ya njia ikisubiri gari. Mgeni anaweza kudhani hakuna kilichobadilika. Mimi nikipita huko macho yangu hutafuta jengo moja refu la bati, lile lililokuwa jirani na korona, mashine ya kuchakata mkonge, lenye madirisha ya juu na mlango mpana wa kupitisha trole. Katika mashamba mengi zimebaki kuta, na kwingine hata kuta hazipo. Sakafuni utaona bolti zimechomoza kwenye zege, nne hapa, sita pale, na katikati yake hakuna kitu. Ndipo mashine zilipokuwa zimefungwa. Hiyo ilikuwa karakana ya shamba, na humo ndimo nilimojifunza kazi iliyonilisha maisha yangu yote.

Habari za mkonge zimesimuliwa sana. Tunajua kwamba mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche kutoka Florida, kwamba kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ilipona 62 tu, na kwamba hiyo 62 ilipandwa Kikogwe, Pangani, ikazaa mashamba yaliyofuata. Tunajua habari za manamba, vibarua wa mkataba, waliokuja kutoka Njombe, Songea, Kigoma na hata Burundi. Kinachosahaulika ni kwamba shamba la mkonge ni kiwanda kilichozungukwa na shamba. Katika jani zima la mkonge, singa, yaani nyuzi zake, ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Kinachobaki ni nyama na maji. Ili kuzipata hizo singa, jani hulazwa kwa mapana kwenye korona, hushikwa katikati, na ngoma yenye visu butu hulipiga na kulikwangua upande mmoja, kisha ngoma ya pili hulikwangua upande wa pili, huku maji yakimwagwa juu yake muda wote.

Kazi hiyo inaiumiza mashine. Utomvu wa mkonge ni mkali, unakula chuma kama unavyowasha ngozi. Ukichanganyika na maji na mchanga wa shambani unakula shafti, bushi, pini za minyororo na beringi. Na jani lililokatwa halisubiri. Likikauka, singa hazitoki vizuri. Korona ikisimama, shamba lote limesimama: mkataji, dereva wa trole, mama wa kuanika, watu wa chumba cha brashi. Kampuni zilizounda mashine hizo zilikuwa mbali, Krupp kule Magdeburg, Robey kule Lincoln, Uingereza, na kipuri kilikuja kwa meli. Ndiyo maana kila shamba kubwa lilikuwa na karakana yake. Haikuwekwa kwa kupenda makuu. Bila karakana mkonge ungeozea shambani.

Nilipoingia karakana kama mwanafunzi wa kazi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mashamba mengi yalikuwa yameshataifishwa baada ya Azimio la Arusha, lakini ndani ya lile jengo la bati mambo yalikwenda kwa utaratibu wa zamani. Shafti ndefu ilining'inia chini ya paa kutoka ukuta hadi ukuta, ikizungushwa na injini moja ya dizeli iliyokaa chumba cha pembeni. Kwenye shafti kulikuwa na puli, na kutoka kila puli mkanda wa ngozi uliteremka hadi kwenye mashine yake: leti kubwa na leti ndogo za kukereza vyuma, shepa, mashine ya kutoboa, jiwe la kunolea. Ukitaka leti izunguke unavuta mti, mkanda unahama kutoka puli tupu kwenda puli ya kazi. Upande wa pili alikuwapo mhunzi na tanuri lake, na pembeni mahali pa kusubu bushi za shaba kwenye kalibu za mchanga. Leti kubwa ilikuwa Colchester, kutoka katika mji wa jina hilo huko Essex, ambako kampuni hiyo ilianza kazi mwaka 1887. Kitanda chake kilikuwa kirefu cha kutosha kulaza shafti nzima ya ngoma ya korona.

Fundi mkuu wetu alikuwa Kalasinga mzee aliyezaliwa Tanga na kuzeekea kazini. Tulimwita Fundi, bila jina, na asubuhi tulimpa shikamoo kama baba. Hakumruhusu mwanafunzi kugusa leti. Alikupa kipande cha chuma na tupa, akakuambia ukifanye kiwe mraba pande zote sita. Unapiga tupa, unaweka skwea, unainua kwenye dirisha. Ukiona uzi wa mwanga kati ya skwea na chuma, unarudi kwenye jiliwa. Kipande kinazidi kuwa kidogo na mwanga bado unapita. Wapo waliokata tamaa wakaenda kuendesha trole. Waliobaki waligundua siku moja kwamba mikono imeanza kujua jambo ambalo kichwa bado hakijalijua.

Baada ya tupa ndipo ulipokwenda kwenye mashine ya kutoboa, kisha shepa, na leti mwisho kabisa. Hapo ndipo maneno yake yalipoanza kuingia. Ukimwambia, "Fundi, bushi imekaa," alikuuliza: "Imekaa kwa kiasi gani?" Ukisema inatosha, alisema: "Usiniambie inatosha. Niambie inatosha kwa kiasi gani." Alitaka jibu kwa elfu za inchi, kutoka kwenye mikromita, na alitaka ulisome mwenyewe kabla hajalisoma yeye. Alitufundisha pia kwamba bushi iliyochakaa haikupi kipimo. Ukiinakili, umenakili uchakavu. Kipimo unakitafuta kwenye shafti na kwenye nyumba ya bushi, unakipima mara kadhaa sehemu tofauti kwa sababu shafti nayo imelika upande, kisha unaamua nafasi ya mafuta iwe kiasi gani. Hakuna kitabu kilichokuwa wazi mezani. Kitabu kilikuwa yeye, na kila mwanafunzi alipaswa kuondoka na kurasa zake.

Miaka ambayo karakana ilithaminiwa kuliko wakati wowote ilikuwa ile migumu, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, fedha za kigeni zilipokosekana. Beringi haikupatikana, mkanda haukupatikana, elektrodi za kuchomelea ziligawanywa moja moja. Tulisubu bushi kutokana na mabaki ya bushi nyingine. Tulikereza pini kutoka kwenye ekseli za magari mabovu. Shafti iliyolika tuliijaza kwa kuchomelea kisha tukaikereza upya hadi kipimo chake cha kwanza. Korona ilizunguka kwa sababu ya watu wachache waliojua kupima, na mashine chache zilizokuwa na umri wa kuwazidi.

Lakini kufikia hapo mkonge wenyewe ulikuwa umeshaanza kuanguka. Mwaka 1964 nchi ilizalisha kama tani 230,000, na hakuna nchi iliyotupita duniani. Singa zetu zilifunga marobota ya nyasi kavu Ulaya na Marekani. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba yakapoteza nguvu mwaka baada ya mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa hatufiki hata sehemu ya tano ya kilele kile. Biashara ilipofunguliwa, vipuri vilianza kupatikana madukani, na karakana ikaonekana mzigo. Kwa nini ulipe mafundi kumi wakati beringi inauzwa mjini? Shamba moja likafungwa, jingine likauzwa, la tatu likaachwa kwa walinzi.

Mikanda ya ngozi ndiyo iliyoondoka kwanza. Ilikwenda kuwa soli za viatu. Zikafuata nyaya za shaba, kisha mota, kisha bushi, kisha kila kilichoweza kufunguliwa kwa spana. Mwisho ikaja zamu ya mashine zenyewe. Leti haibebeki mabegani, lakini chuma cha kusubu hakipindi, kinavunjika. Nilishuhudia katika shamba moja ambalo sitalitaja. Vijana wawili walipokezana nyundo kubwa, wakakipiga kitanda cha leti hadi kikakatika vipande vya kupakilika kwenye lori. Uso wa kitanda kile ulikuwa umesawazishwa kwa mkono na watu waliokwangua chuma kidogo kidogo hadi tofauti ya juu na chini isionekane kwa macho. Kwenye mizani kilikuwa kilo tu, bei ileile ya chuma chochote chakavu.

Kuiuza leti kwa kilo ni kula mbegu. Leti ndiyo inayotengeneza vipuri vya mashine nyingine, na hata vyake yenyewe. Korona ikifa, leti inaifufua. Leti ikifa, hakuna kinachoifufua isipokuwa leti nyingine. Aliyepanga mauzo yale alikuwa na orodha ya mali, na kwenye orodha hiyo leti ilikuwa mstari mmoja kati ya mistari mingi, imeandikwa "mashine kuukuu". Mafundi waliojua maana ya mstari ule walikuwa nje ya lango wakidai mafao yao. Hakuna aliyewauliza.

Leti niliyonayo sasa uani kwangu, Ngamiani, Tanga mjini, sikuwahi kuifanyia kazi. Niliikuta kwa mnunuzi wa vyuma chakavu hapa mjini, imelazwa ubavu kati ya injini za matrekta na vitanda vya hospitali, nayo ni Colchester, ndogo kuliko ile niliyojifunzia. Kitanda chake kilikuwa kizima. Nililipa bei ya chuma na kidogo zaidi, tukaipakia kwenye kirikuu kipande kwa kipande, na kutoka barabarani hadi uani tukaisogeza juu ya mabomba, bomba la nyuma likihamishwa mbele, kama tulivyohamisha mashine zamani. Tangu hapo banda la uani limekuwa karakana, na mama watoto ameridhia kuanikia nguo upande wa pili.

Watu wengi wakipata mashine yenye kutu hukimbilia msasa. Mashine nzee usianze kuisugua, anza kuisoma. Kabla sijafungua bolti hata moja niliitazama kwa muda mrefu, kwa sababu uchakavu unasimulia. Kitanda kilikuwa kimelika karibu na kichwa, pale kazi fupi fupi zinapofanyika. Mbali na hapo, kuelekea mkiani, chuma kilikuwa karibu kama kilivyotoka kiwandani. Nikajua leti hii ilikereza bushi na pini zaidi kuliko shafti. Matundu ya mafuta yalizibwa kwa grisi iliyogeuka kama nta. Aliyeishughulikia mwisho alitia grisi mahali panapotaka mafuta mepesi, maana yake hakufundishwa, au aliyepaswa kumfundisha alikuwa ameshaondoka.

Kutu ya Tanga si kutu ya bara. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi huingia ndani ya vinyweleo vya chuma. Bolti zilizogoma nilizilowesha kwa mafuta ya taa na dizeli, nikaziacha, nikarudi, nikazigonga kidogo, nikaziacha tena. Vipuri vidogo nilivitumbukiza kwenye beseni la plastiki lenye maji na magadi, nikafunga waya wa hasi wa chaja ya betri kwenye kipuri, na waya wa chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida kilichozamishwa pembeni. Kutu hulegea ikageuka tope jeusi linalofutika kwa brashi, na chuma kizima hakiguswi. Kazi hiyo ifanyike nje penye hewa, kwa sababu mapovu yanayopanda yana haidrojeni inayoweza kulipuka, na upande wa chanya usiweke chuma cha pua kisichoshika kutu, kwani maji yake hugeuka sumu.

Gia moja ya kubadilishia mwendo ilikuwa imepoteza meno mawili. Gia ya namna hiyo haiuzwi dukani. Karakana tulikuwa tukipandikiza meno, nami nikayapandikiza. Mahali jino lilipovunjika unapiga tupa mpaka pawe bapa. Unatoboa matundu matatu kwa mstari, unayakata uzi, unafunga ndani yake vipande vya skrubu, kisha unavimwagia shaba kwa moto wa gesi mpaka vizame vyote na kuwa tuta moja. Kinachobaki ni tupa. Unakata kigezo cha bati kwa kufuata jino zima la jirani, unapiga tupa mara chache, unaweka kigezo, unatazama kwenye mwanga, unarudia. Ukizidisha, umepoteza kila kitu, kwa sababu jino jembamba litagonga na kuvunja mengine. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yule mzee alitushikisha tupa kabla ya kingine chochote. Mashine zote zikifa, tupa na jicho vinabaki, na kutokea hapo unaweza kuanza upya.

Kazi iliyonigusa kuliko zote ni ya nati. Nati ya shaba inayosogeza kisu mbele na nyuma ilikuwa imelika hadi usukani ulizunguka robo duara kabla kisu hakijatikisika. Nikapata kipande cha shaba kutoka kwenye bushi ya shafti ya boti, nikaikereza nati mpya kwenye leti ileile, kwa kutumia nati ileile iliyochoka. Inawezekana, ukijua tabia yake: kisu unakisogeza kwa kwenda mbele tu, na ukilazimika kukirudisha unakipitiliza nyuma kwanza, kisha unakuja mbele tena, ili uzi ukae upande mmoja wakati wote. Polepole, kwa kupima kila mara, mashine iliyochoka ikatoa kipuri kisicho na uchovu. Nikafungua nati kuukuu, nikafunga mpya, na usukani ukaitika hapohapo.

Kitanda ndicho kilichobaki, na kitanda hakitaki haraka. Unapaka bluu nyembamba kwenye bamba lililonyooka, unalisugulia juu ya kitanda, na pale palipoinuka panashika rangi. Unapakwangua kwa kikwangulio chenye makali, kidogo mno, unafuta, unapaka tena. Mwanzoni rangi hushika mahali pachache, mabaka makubwa. Ukiendelea, mabaka huvunjika yakawa madoa, na madoa huenea kila mahali. Nyundo kubwa ilivunja kitanda cha mwenzake kwa muda wa kunywa chai. Kukisawazisha hiki nilikuwa bado nikiendelea mvua za vuli zilipoingia.

Kuna mambo ambayo zamani tulikuwa hatuyafikirii na sasa kila moja ni safari. Leti hii ni ya inchi, na bolti zake ni za Whitworth, zenye uzi wa pembe ya digrii 55, wakati bolti zilizojaa madukani leo ni za milimita, za digrii 60. Zinaingiliana mizunguko miwili kisha zinaharibiana. Hata spana zina hesabu yake: spana ya Whitworth imeandikwa unene wa bolti, si upana wa kichwa, kwa hiyo kijana aliyezoea spana namba 13 na namba 17 akiiona anadhani imeandikwa vibaya. Karakana ya zamani ilikuwa na ubao mzima wa spana hizo, kila moja imechorewa kivuli chake ukutani ili ikikosekana ionekane. Leo ninazo chache, nazilinda. Kukata uzi wa milimita kwa mashine ya inchi kunahitaji gia yenye meno 127, kwa sababu inchi ni milimita 25.4, na 127 ni 25.4 mara tano. Karakana tulikuwa nayo, imening'inizwa kwenye msumari. Hii ya kwangu imebidi nimwombe fundi mmoja wa chuo anichongee.

Umeme nao. Mota za mashine hizi zinataka fezi tatu, na nyumba za Ngamiani zina fezi moja. Siku hizi kuna kisanduku kinachopokea fezi moja na kuizalishia mota fezi tatu, tena kinakuruhusu kuongeza na kupunguza mwendo kwa kuzungusha kitufe. Nakiri kwa moyo mkunjufu kwamba hapo wakati huu umetushinda sisi wa shafti ya darini. Mikanda ile iliwahi kukata vidole vya watu, na sitamani kamwe irudi.

Mashamba hayakuwa peke yake. Nchi nzima iliwahi kuamini kwamba ni lazima tuweze kujitengenezea vipuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, karakana kuu ya reli ilibaki Nairobi, na Tanzania ikajijengea uwezo wake Morogoro. Wachina walipojenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, karakana yao ya Mang'ula, Kilombero, iligeuzwa kiwanda cha vipuri na mashine. Huko Hai, Kilimanjaro, kwa msaada wa Bulgaria, kikajengwa kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilichokusudiwa kutengeneza mashine za kutengenezea vitu. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ilianzishwa mwaka 1973 ili ujuzi huo ushuke hadi kwa fundi mdogo. Tuliviita viwanda mama, na tuliliamini neno hilo. Kisha wimbi lililopita kwenye karakana za mkonge likapita huko nako. Kiwanda cha Hai kiko chini ya Shirika la Maendeleo ya Taifa na kimeanza kushughulikiwa upya, jambo linalonipa furaha ya kweli. Lakini kila nisikiapo habari za kufufua kiwanda, nasikia majengo, mitambo na mabilioni. Ni mara chache nasikia mafundi.

Kwa maana uzito wa mafundi ndio nilioujua hapa uani. Leti yangu sasa inakereza. Wavuvi wananiletea shafti za boti, wenye mashine za kusaga wananiletea puli, na kipimo kinachotoka si cha kuonea haya. Nimeirudisha mashine. Karakana sijairudisha, na siwezi kuirudisha peke yangu. Karakana ilikuwa mhunzi upande ule na msubu upande huu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akimtazama wa mwaka wa tatu, na mzee mmoja mlangoni akiuliza kwa kiasi gani. Kutu inatoka kwa magadi na umeme. Mnyororo wa watu ukikatika haupandikizwi kwa skrubu tatu na shaba.

Vijana wa leo si wavivu, na wazee wanaosema hivyo wanawaonea. Pita Tanga yote utawakuta wanachomelea mageti, madirisha, mikokoteni, majiko, kazi safi na ya jasho. Walichonyimwa ni kipimo kidogo. Geti likikosea milimita tatu linafunga. Bushi ikikosea sehemu ya kumi ya milimita inaua shafti. Kwa kuwa hakuna wa kuwafundisha hiyo sehemu ya kumi, kipuri kikilika kinatupwa na kingine kinaagizwa. Ukibadilisha kipuri umemaliza shida ya leo. Ukikitengeneza, umebaki na mtu anayejua.

Mjukuu wangu aliniuliza mwanzoni, "Babu, kwa nini usiagize mpya ya Kichina? Inakuja na kila kitu." Nikamuuliza ikivunjika jino je. Akasema, "Tutaagiza jino." Sikubishana naye. Nilimpa kipande cha chuma, tupa na skwea, nikamwonyesha dirisha. Sasa anashika mikromita. Juzi amekereza pini yake ya kwanza, akaja nayo mbio: "Babu, imekaa." Nikamuuliza kwa kiasi gani, akawa na jibu, kwa elfu za milimita, maana yeye ni wa wakati wake. Jibu lilikuwa sahihi. Nilifurahi kuliko siku leti ilipozunguka, na papo hapo nikawakumbuka wenzangu wengi wa rika langu waliozikwa na vipimo vyao vichwani, hawakupata hata kijana mmoja wa kumwachia.

Mkonge unarudi. Serikali imeuweka kati ya mazao ya kimkakati, wakulima wadogo wamepanda, na kilio kinachosikika Korogwe na Muheza ni kwamba majani ni mengi kuliko korona za kuyachakata. Mashine mpya zitanunuliwa, na ni vizuri. Utomvu hautajali kwamba ni mpya. Utazila kama ulivyozila za Krupp na za Robey. Basi kila shamba litakalofunga korona mpya lifunge leti pembeni yake, na kila leti ikabidhiwe vijana wawili na mzee mmoja, mapema, wakati wazee tunaojua kupima bado tuko hai.